Rangi Isiyoogopa Moto

Siku Bosi alipokuja kusema analitaka jiko la baba yake, Fundi alikuwa na pini mdomoni, na pini zile zilimsaidia. Mtu mwenye pini mdomoni hatazamiwi kujibu upesi. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake, akanyoosha kitambaa kilichokuwa kimenyooka tangu asubuhi, ndipo akauliza, "Lile la uani?"

"Kwani lipo jingine?" Bosi akasema.

Halikuwepo jingine. Lilikuwa jiko la gesi la kuchomea nyama, lenye magurudumu mawili na mfuniko mkubwa wa chuma. Marehemu baba yake alilinunua kutoka hoteli moja iliyokuwa inafunga milango, akalisukuma kwa mikono yake hadi nyumbani, gurudumu moja likipiga kelele njia nzima na watu wakitoka madirishani kutazama kulikoni. Lilikuwa kuukuu siku lilipoingia. Sasa, baada ya kunyeshewa msimu mzima bila mtu wa kulifunika, lilikuwa limepita hata ukuukuu. Kutu ilikuwa imeula mfuniko kuanzia kingo, rangi imebaki mabaka mabaka, na ndani buibui walikuwa wamehamia na jamaa zao wote.

Fundi alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Bosi alikuwa binti wa mumewe. Jina la Bosi alipewa na baba yake mwenyewe, kwa kuwa tangu alipojua kusimama alikuwa akimwamuru baba mtu lete hiki, ondoa kile, na baba anatii. Mama yake mzazi alifariki Bosi akiwa mchanga sana, hata sura yake hakuishika. Alipokuwa na miaka tisa, Fundi aliingia nyumba ile kama mke, na shangazi mmoja mpenda maneno akamuuliza mtoto mbele ya watu, haya, mama yako mpya utamwitaje? Mtoto akamtazama mwanamke kuanzia kichwani hadi miguuni, akajibu kwamba huyo si mama, huyo ni fundi, si ndiye aliyemshonea sare ya shule? Baba yake alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi naye alicheka, ingawa kicheko chake hakikufika tumboni. Basi likabaki Fundi, mwaka baada ya mwaka, mpaka mtoto akawa mwanamke mzima anayeendesha gari la kusambaza mikate na kuwafokea madereva wa malori barabarani.

Tuseme ukweli mapema. Fundi hakuwa na uchungu wa jiko. Nyama hakuwa akichoma, na kama angetaka kuchoma, jiko la mkaa lilimtosha. Alichoogopa ni kitu kimoja tu. Tangu mzee afariki, Bosi alikuwa akija mara moja moja kuchukua kitu cha baba yake: mara saa, mara redio, mara koti la mvua. Vitu vimekwisha, limebaki jiko. Likitoka hilo, Bosi atarudi kufuata nini? Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kumtembelea mjane wa baba yake, na mjane mwenyewe hana mtoto mwingine wa kumgongea mlango.

Na kutembelewa kwenyewe kulikuwa kwa shida. Mzee alipokuwa hai alikuwa akiongea kwa niaba ya watu watatu. Alipoondoka, waliobaki wawili waligundua kwamba hawajawahi kuzungumza bila yeye kukaa katikati. Bosi akija, alikaa kwenye kiti cha wateja, kile cha karibu na mlango, mkoba mapajani, viatu miguuni, kama anayesubiri gauni lake likatwe nyuzi. Wataulizana habari za kazi. Watasema mvua imezidi, au jua limezidi. Kisha Bosi ataangalia saa ya baba yake mkononi, aage. Na kila akishaondoka, Fundi alikaa akikumbuka mambo mazuri ambayo angeweza kuyasema.

"Huwezi kulibeba vile lilivyo," Fundi alisema sasa. "Utaijaza kutu mikate ya watu."

"Nitalifunika."

"Lipakwe rangi kwanza. Baba yako asingekubali litoke hapa limevaa matambara."

Bosi akafikiri. "Rangi ikipata moto si itaungua?"

"Ipo rangi isiyoogopa moto. Ya kupuliza. Wanaipaka kwenye ekzosi za pikipiki." Fundi alikuwa ameisikia kwa mteja mmoja, wala hakuwa na hakika, lakini aliongea kama mtu aliyezaliwa katika kopo la rangi. "Njoo Jumamosi ukimaliza mikate. Tutalisafisha kwanza."

Alitaka pia kumuuliza hiyo nyumba mpya aliyohamia ikoje, uani kwake kuna nafasi kiasi gani, jiko ataliweka wapi. Akameza swali. Hakutaka aonekane anajialika.

*

Jumamosi Bosi alikuja na makopo mawili ya rangi nyeusi ya kupuliza, pamoja na mkate ulioharibika umbo kiwandani ukakataliwa na maduka. Walichomoa mpira wa gesi, wakauweka mbali mtungi wa gesi wenyewe, kisha wakaanza kulivua jiko kipande kipande: wavu wa kuchomea, sahani ya kukingia mafuta, vitufe, mirija ya moto. Sahani ya mafuta ilikuwa na mabaki ya miaka na mikaka. Waliiloweka kwenye beseni la maji ya moto na sabuni, maji yakawa meusi papo hapo.

Bosi alipoinua mrija wa kwanza, buibui mmoja mnene alitoka akitembea bila haraka, mwenye nyumba kabisa. Aliutupa mrija na kuruka hadi karibu na ukuta.

"Malori huyaogopi," Fundi alisema.

"Lori lina namba! Huyu nitamshtaki wapi?"

Fundi alicheka, na safari hii kicheko kilitoka tumboni. Alimsindikiza buibui kwa ufagio mpaka kwenye majani. Kisha akaenda ndani akarudi na sindano zake nene za kushonea magunia, akampa Bosi moja, wakakaa chini kwenye mkeka kuzibua matundu ya moto, tundu moja baada ya jingine, kwani yalikuwa yamezibwa na kutu na utando. Kazi ile haihitaji akili, inahitaji subira tu, na mikono ikishughulika ulimi hulegea wenyewe.

"Unakumbuka kuku wake?" Bosi aliuliza.

"Nje mkaa, ndani anataka kuwika."

"Halafu anakwambia ameiva kwa heshima." Bosi alitikisa kichwa. "Kwa heshima!"

Fundi aliendelea kuchokonoa. Alikuwa na lake juu ya kuku yule, na hakuwahi kulisema. Miezi ya kwanza ya ndoa yake, mtoto alikuwa amegoma kula chakula alichopika yeye. Hakugombana, hakulia, alisukuma tu sahani na kula mkate mkavu kwa chai. Hapo ndipo mzee aliponunua jiko. Fundi akawa anaamka mapema Jumapili, anaosha kuku, anamtia limau, tangawizi, vitunguu saumu na chumvi, anamfunika kwa sahani, kisha anamkabidhi mumewe ampeleke uani. Mumewe alimuunguza kama ilivyokuwa desturi yake, lakini mtoto alikula mpaka akalamba vidole, akasema kuku wa baba ni mtamu. Mzee alifungua mdomo aseme ukweli. Fundi akamkonyeza, anyamaze. Chakula cha kwanza cha mkono wake kilichoingia tumboni mwa mtoto yule kilipita kwenye jiko hili, na kwa hilo tu alikuwa radhi kulisugua mpaka kucha zing'oke.

Walipomaliza jua lilikuwa limeinama. Bosi alinawa mikono kwenye bomba la nje, akajikung'uta, akaangalia saa.

"Bado kupiga msasa," Fundi akawahi kusema.

"Basi Jumamosi," Bosi akasema.

*

Katikati ya wiki Fundi alikwenda duka la vifaa kununua msasa, brashi ya waya na utepe wa karatasi. Muuza rangi alikuwa mtu mpole mwenye penseli sikioni. Alipoelezwa kazi, alikunjua uso kwa furaha ya mtu aliyeulizwa kitu anachokipenda.

"Toa kutu yote, mama. Futa mafuta, kwa sababu rangi haishiki penye mafuta. Piga mkono wa kwanza wa rangi, mwembamba, kama umande. Acha ukauke. Piga wa pili. Basi. Mikono miwili myembamba, usizidishe. Halafu uwashe moto mdogo, upandishe taratibu, maana rangi hii haikauki kabisa mpaka ionje moto."

Alikuwa anataka kuendelea, lakini waliingia watu wa saruji na kelele zao, na Fundi akalipa akatoka. Njiani moyo wake ulikuwa mzito. Mikono miwili tu! Alikuwa amedhani kazi ya rangi ni kubwa zaidi.

Jumamosi ile walisugua kwa brashi ya waya, kisha msasa mkali, kisha msasa laini, mpaka nywele zao zikawa na rangi ya kutu na Bosi akasema wanafanana na mbweha. Walifuta vumbi kwa kitambaa kilicholowa spiriti. Fundi alikata karatasi na kuzibandika kwa utepe juu ya kipimajoto cha mfuniko na kila mahali pasipotakiwa rangi, na akazikata vizuri mno, na mikunjo yake, kana kwamba jiko linaandaliwa kwenda harusini. Ndani ya mfuniko hawakupagusa, maana huko ndiko chakula kinakoiva. Alilitia pia lile gurudumu mafuta ya cherehani. Lilipoacha kulia, wote wawili walisimama.

"Angekataa," Bosi alisema. "Alisema hiyo ndiyo honi yake."

Fundi alimkumbuka mumewe akilisukuma jiko lile kivulini, akipiga honi kwa mdomo juu ya kelele ya gurudumu, na akatamani sana kumsikia tena, mara moja tu. Alipotazama pembeni, Bosi alikuwa anajifuta jicho kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa vichafu. Fundi alimfuta kwa upindo wa kanga yake, na Bosi hakukwepa.

Mkono wa kwanza ulipigwa na Bosi, kopo likitikiswa mpaka kigololi cha ndani kikalia, kiganja chake kikienda na kurudi bila kusimama. Rangi ilitua nyeusi, tulivu, isiyong'aa. Wakati inakauka walikaa kivulini, wakala mkate wa umbo baya na chai. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Bosi alikaa kwenye kibao cha jikoni badala ya kiti cha wateja. Alieleza habari za msimamizi wake anayehesabu mikate kama anahesabu watoto wake. Aliiga sauti yake. Fundi akacheka mpaka chai ikampalia. Mkono wa pili ulipigwa na Fundi, na ulipokauka jiko lilikuwa zuri kuliko siku lilipoingia.

"Limekwisha?" Bosi aliuliza.

Hapo ndipo uongo ulipomtoka Fundi, wala hakuupanga. "Bado mkono mmoja," alisema. "Wiki ijayo."

Bosi alimtazama, akalitazama jiko. "Sawa," alisema.

Usiku ule Fundi hakujilaumu sana. Katika ushonaji, mshono uliorudiwa haujawahi kumdhuru mtu. Suruali ya mwanafunzi huipiga mara mbili, mfuko huupiga mara tatu, na hakuna mzazi aliyewahi kurudi kulalamika kwamba nguo ya mwanawe imekuwa imara kupita kiasi. Chuma nacho kina tofauti gani? Rangi ikizidi, si ndiyo kinga imezidi?

Kwa hiyo wiki iliyofuata walipiga mkono wa tatu. Kisha Fundi akaona ubavu wa jiko haukukolea, wakapiga wa nne. Makopo yakaisha, Bosi akanunua mengine bila kunung'unika. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza kama wanapaka jiko au wanaunda meli. Bosi akamjibu kwamba wakimaliza watampitia, ajiandae na maboya ya kuelea.

Na katikati ya mkono na mkono, maisha yaliingia. Bosi alianza kuvua viatu mlangoni. Alianza kufungua kabati na kujichukulia kikombe, kisha akawa na kikombe chake, chenye mpini uliokatika nusu. Siku moja alijilaza mkekani, akapitiwa na usingizi, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala utotoni kwenye kiti cha nyuma cha basi, na Fundi alisimamisha cherehani ili asimwamshe. Gauni la mteja lilichelewa. Mteja alikuja juu. Fundi alimwomba radhi kwa uso wa furaha kiasi kwamba mteja aliondoka na wasiwasi.

Lakini hata mwongo wa kwanza duniani angeona kwamba jambo hili haliwezi kuendelea. Jiko lilikuwa limeanza kuonekana nene, kingo zimeviringika, herufi za kiwanda kwenye mfuniko zimemezwa. Jumamosi moja, baada ya mkono ambao Fundi hakuthubutu tena kuutaja ni wa ngapi, Bosi alifuta vidole vyake akasema, "Fundi, wiki ijayo tuliwashe."

"Tuliwashe," Fundi akasema.

*

Siku hiyo alivaa gauni zuri, mwenyewe asijue kwa nini. Bosi alifunga mpira wa gesi, Fundi akapaka povu la sabuni kwenye maungio yote kutazama kama gesi inavuja. Povu halikuchemka popote. Walifungua mfuniko, Bosi akageuza kitufe, akabonyeza, na miali ya buluu ikashika mrija mzima mpaka mwisho, bila kuruka tundu hata moja. Walishangilia kama watoto. Sindano zilifanya kazi yake.

"Moto mdogo kwanza," Bosi alisema.

Wakaufunika mfuniko, wakasubiri. Moshi mwembamba ulianza kupanda na harufu kali ya rangi ikatanda uani. Jirani akafunga dirisha kwa kishindo, ili ijulikane kwamba amelifunga. Bosi akaongeza moto kidogo. Sindano ya kipimajoto ikapanda. Ikapanda tena.

Lengelenge la kwanza lilitokea karibu na mpini. Lilikuwa dogo kama punje ya mtama, na Fundi akadhani macho yake yanamdanganya. Kisha likatoka la pili, kisha mfuniko mzima ukaanza kuvimba na kututumka mbele yao, rangi ikiinuka, ikipasuka, ikijikunja kwa vipande na kuning'inia. Kipande kimoja kikubwa kilidondoka chini na kuacha chuma kitupu.

Fundi alizima gesi. Kazi yote ile, Jumamosi zote zile, na kitu cha mwisho alichoachiwa mtoto na baba yake, kimeharibiwa na nani kama si yeye?

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Ilikuwa mikono miwili tu. Muuza rangi aliniambia tangu mwanzo. Mikono miwili myembamba, nisizidishe." Alikuwa hamtazami Bosi, alikuwa anautazama mfuniko. "Nilikudanganya. Nilikuwa najua ukilichukua hili jiko hutarudi tena, maana huna cha kurudia. Nikasema basi tupake. Tupake tu. Sikujua kwamba litaharibika, naapa. Nilidhani rangi ni kama uzi."

Akaketi kwenye kibao. Machozi yalimtoka bila sauti, na hakuyaficha, umri wa kuficha ulikuwa umempita.

Bosi aliinama. Aliokota kile kipande cha rangi, akakigeuza mwangani. Ubavuni tabaka zilionekana moja juu ya nyingine.

"Nene kweli," alisema. Kisha akaanza kucheka. Alijitahidi kujizuia akashindwa, akaja akachuchumaa mbele ya Fundi, kipande bado mkononi.

"Makopo yale nilinunua kwa nani?" aliuliza.

Fundi aliinua uso.

"Yule mwenye penseli sikioni. Siku ya kwanza kabisa alinieleza mpaka nikachoka. Mikono miwili, mwembamba kama umande. Niliporudi kuchukua makopo mengine akaniuliza kama napaka jiko au napaka basi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Bosi alikata ukingo wa kile kipande kwa ukucha. Huyu aliyewafokea madereva wa malori alionekana ghafla amepungua miaka. "Ninakoishi ni ghorofa ya tatu," alisema. "Kibaraza changu ukianika shuka kimejaa. Mwenye nyumba hataki kusikia habari ya moto nje, hata ubani. Hilo jiko ningeliweka wapi, Fundi? Juu ya kitanda?"

Fundi alimkodolea macho.

"Vitu vya baba viliisha," Bosi aliendelea, polepole. "Saa nimechukua, koti nimechukua. Nikawaza, nitakuja kusema nafuata nini? Nilivyokuwa nakusumbua utotoni, sahani nakusukumia... Nilidhani pengine unashukuru umepumzika na mimi. Nikaona jiko. Nikasema nikidai jiko, angalau nitaingia uani."

"Jiko bovu lile!"

"Ndilo lililobaki."

Sasa walicheka wote wawili, na Fundi bado analia, na ule mchanganyiko ukamfanya apige kwikwi. Bosi akampigapiga mgongoni kama mtu anayemcheulisha mtoto.

"Na lile la kuku," Bosi alisema, "ulidhani sikujua pia?"

"Kuku gani?"

"Kuku wa Jumapili. Fundi, baba yangu alikuwa hajui hata kutia chumvi kwenye maji. Leo atie tangawizi? Niliona siku ya pili tu, nilichungulia jikoni. Nikala. Niliona aibu kusema, maana nilikuwa nimeshagoma mbele ya watu."

Fundi alishika shavu. Miaka yote ile alikuwa ameitunza siri ile kama mtu anayetunza yai, na mwenye kufichwa alikuwa akiitunza upande wa pili. Alimvuta kichwa, akakilaza begani kwake, nywele zake zikinuka mikate na moshi. Walikaa hivyo mpaka jiko likaanza kupoa na kulia ti, ti, ti.

Ndipo Bosi akasimama, akakunja mikono ya shati. Alilizunguka jiko mara moja, akalisukuma kidogo kwa mguu, likaenda bila kelele.

"Kila kitu kitatoka," alisema. "Brashi ya waya, msasa mkali, msasa laini. Halafu mikono miwili."

"Myembamba," Fundi akasema.

"Myembamba. Na likiisha linabaki hapa hapa, Jumapili nitakuja kuunguza kuku. Wewe utatia chumvi."

Simu yake ikalia mfukoni. Aliitoa, akaibana kati ya sikio na bega kwa sababu mikono ilikuwa tayari imeshika brashi, na kwa jinsi alivyokunja uso Fundi akajua ni yule msimamizi wa kuhesabu mikate. Kuna duka limepungukiwa, mtu anatakiwa arudi na gari.

"Leo siwezi," Bosi alisema. "Niko nyumbani... Hapana, siyo kwangu. Nyumbani. Kwa mama." Akasikiliza, akiparuza kipande cha rangi kwenye mpini. "Ndiyo, mama yangu. Kwani nina wangapi? Tafuta dereva mwingine."

Akakata simu, akairudisha mfukoni, akapiga magoti mbele ya jiko kama mtu ambaye hajasema jambo lolote la ajabu.

"Fundi," aliita bila kugeuka, "ule msasa umeuweka wapi?"

Fundi hakuwa na pini mdomoni safari hii, lakini jibu lilichelewa vilevile.